Mnazi Mmoja, uwanja ulioviona vyama vyote

Mtaa wa Lumumba si mrefu. Mtu mwenye miguu mizima anaumaliza kabla hajamaliza kikaratasi cha karanga. Upande mmoja kuna viwanja vya Mnazi Mmoja na mnara wa Mwenge wa Uhuru. Ng'ambo ya pili, katikati ya maduka ya jumla na vijana wanaosukuma mikokoteni, inapepea bendera ya kijani ya ofisi ndogo ya CCM. Nimepita hapa tangu utoto, na kila nikipita najiuliza swali lilelile: nchi yetu imewahi kuwa na vyama vingapi?

Jibu la darasani ni rahisi. Tulikuwa na chama kimoja, mwaka 1992 tukaingia kwenye vyama vingi. Mtaa huu unasimulia habari tofauti kidogo.

Julai 7, 1954, mtaa huu ukiitwa New Street, wajumbe 17 walikutana kwenye nyumba ya Tanganyika African Association, nyumba ambayo wazee wa mji waliijenga kwa nguvu zao wenyewe. Walipotoka pale TAA ilikuwa imegeuka TANU. Tunaiadhimisha Saba Saba kila mwaka, lakini ni nadra kukumbushana kwamba TANU ilizaliwa ndani ya sheria iliyoruhusu vyama kadhaa, na kwamba ilibidi iombe usajili kama chama kingine chochote. Usajili ulipatikana Oktoba mwaka huohuo. Kule Usukumani serikali ya kikoloni iliinyima TANU ruhusa ya kuendesha shughuli kwa miaka. Mwaka 1957 Mwalimu Nyerere mwenyewe alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Naomba msomaji aishike hiyo, maana nitairudia: kiongozi wa upinzani mashuhuri kuliko wote katika historia ya nchi hii aliwahi kunyimwa jukwaa.

Vyama vingine vilikuwepo. Gavana Twining alikibeba United Tanganyika Party, UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 ili kuizuia TANU. Waislamu kadhaa waliunda AMNUT. Na mwaka 1958, baada ya mkutano wa TANU wa Tabora kukubali uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, Zuberi Mtemvu alikasirika, akatoka TANU na kuanzisha African National Congress. Mtemvu hakuwa mtu wa mchezo. Aliamini uhuru wa Mwafrika haugawanywi kwa mafungu ya rangi, akasimama peke yake na imani hiyo.

Wananchi hawakumfuata. Uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na katika 58 kati ya hivyo haikuwa na mpinzani. Novemba 1962 Mtemvu aligombea urais dhidi ya Nyerere akapata kura 21,000 na ushee, chini ya asilimia mbili. Hapo ndipo wengi wanaposema vyama vingi vilijifia vyenyewe, sheria ikaja tu kuzika. Mimi siafiki. Chama kilichoshindwa kina haki ya kuendelea kushindwa mpaka siku yake ifike, au isifike. Mtemvu aliishia kurudi TANU, na Katiba ya Muda ya mwaka 1965 ikaifunga njia ya chama kingine kwa kila aliyetaka kuiga mfano wake.

Hata hivyo sipendi hoja ya Mwalimu ipuuzwe, kwa sababu alikuwa nayo na aliiandika. Katika kijitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu demokrasia na vyama, alisema mfumo wa vyama viwili una maana pale tu watu wanapotofautiana juu ya jambo kubwa la msingi. Wasipotofautiana hivyo, siasa hugeuka mashindano ya mpira. Mtu wa Kariakoo anaielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa. Kutoka Lumumba, tembea dakika chache utafika Mtaa wa Msimbazi, ilipo klabu ya Simba, ambayo enzi hizo iliitwa Sunderland. Tembea dakika nyingine utafika Jangwani kwa Yanga. Kuna nyumba humu mume ni Msimbazi, mke ni Jangwani, na siku ya mechi chakula hakiivi. Hakuna anayeweza kukueleza tofauti ya sera. Mwalimu aliogopa taifa changa lisije likagawanyika namna hiyo, kwa dini au kabila badala ya jezi, na hofu yake ilikuwa ya kweli.

Lakini angalia kilichofuata. Hiyo tunayoiita enzi ya chama kimoja, kwa miaka 12 ilikuwa enzi ya vyama viwili: TANU Bara, Afro-Shirazi Zanzibar. Viwili kwa katiba, kila kimoja na upande wake wa bahari, na havikuwahi kugombea kura ya mtu mmoja. Viliungana Februari 5, 1977 na kuwa CCM. Ndiyo maana nasema kuhesabu vyama hakutusaidii sana kujua hali ya wananchi.

Na ndani ya mfumo huo wa kufungwa, watu waling'ang'ania kuchagua. Tangu mwaka 1965 karibu kila jimbo la Bara lilipewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Wazee wanazikumbuka alama hizo kuliko majina ya wagombea. Huyu wa jembe alisema jembe ndilo linalotulisha. Yule wa nyumba akajibu kwamba bila nyumba utalala na jembe lako mvuani. Ulikuwa uchaguzi mwembamba, umechujwa juu, lakini haukuwa maigizo. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa mwaka huohuo wa 1965. Nadhani hapo wananchi walisema kitu ambacho viongozi hawakukisikiliza vya kutosha: tupeni wawili tu, bado tutawapima. Kwa urais hapakuwa na wa pili. Palikuwa na picha ya mgombea na kivuli, ndiyo au hapana.

Upepo ulibadilika mwaka 1990. Ulaya Mashariki vyama tawala vilikuwa vinaanguka, na Mwalimu, akiwa bado mwenyekiti wa CCM, akawaambia Watanzania kwamba kujadili vyama vingi si dhambi. Mwaka uliofuata Rais Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Tume ilizunguka nchi nzima na kusikiliza watu zaidi ya 36,000. Asilimia kama 77 walitaka chama kimoja kiendelee. Wale wa vyama vingi walikuwa kama mmoja katika watano.

Tume ikapendekeza vyama vingi. Wapo wanaoona hapo demokrasia ilianza kwa kuwapuuza wengi. Mimi naona Nyalali alifanya jambo la busara kubwa, kwa sababu haki ya wachache kukutana haisubiri ruhusa ya wengi. Tena walio wengi miongoni mwa wale waliotaka chama kimoja walitaka kibadilishwe. Ila ripoti ile haikusema vyama vingi peke yake. Ilitaja sheria 40 zinazokandamiza, zifutwe au zirekebishwe. Ilitaka katiba mpya ijadiliwe na wananchi. Serikali ikachukua vyama, nyingi ya sheria zile zikabaki kabatini, na katiba iliyotiwa viraka ndiyo tunayoivaa hadi leo. Hilo linaniuma kuliko lolote katika habari hii. Tuliruhusiwa timu nyingi, uwanja na mwamuzi vikabaki vilevile.

Julai 1, 1992 Sheria ya Vyama vya Siasa ilianza kazi. Masharti yake: wanachama 200 katika kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, ukiwemo wa Unguja na wa Pemba. Lengo lilikuwa kuzuia vyama vya kabila, na kwa kiasi kikubwa lilitimia. Zikaja siku za joto. Mzee Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, akaja na CHADEMA. CUF ikawaunganisha watu wa James Mapalala wa Bara na KAMAHURU ya Zanzibar. Mabere Marando na wenzake wakawa na NCCR-Mageuzi. Mchungaji Mtikila alihubiri juu ya walalahoi, akakataa kuutambua Muungano, na chama chake hakikupata usajili wa kudumu hadi mwaka 2002.

Mwaka 1995 baba yangu mdogo alikuwa anauza mitumba Kariakoo. Augustino Mrema alipohama CCM kwenda NCCR, watu walilisukuma gari lake kwa mikono barabarani kama arusi. Baba mdogo alikuwa mmoja wao, akarudi nyumbani bila kiatu cha kushoto. Oktoba 29 alipanga foleni tangu alfajiri, na hadi jua linazama karatasi za kura hazijafika kituoni kwake. Matokeo ya majimbo yote saba ya Dar es Salaam yalifutwa, kura zikarudiwa Novemba 19, wakati nchi nzima imekwishajua nani anaongoza. Benjamin Mkapa wa CCM alipata asilimia karibu 62, Mrema karibu 28. Baba mdogo aliihifadhi kadi yake ya NCCR ndani ya kopo la biskuti pamoja na ya CCM. Kila tulipomuuliza, "Baba mdogo, wewe wa chama gani?" alitufukuza tukacheze.

Tangu hapo nafasi ya pili imekuwa ikihama. NCCR ilipasuka kwa ugomvi wa viongozi. Mwaka 2000 ikaja CUF ya Profesa Lipumba. Mwaka 2010 ikawa zamu ya CHADEMA na Dk. Slaa, mwaka 2015 Edward Lowassa, akiungwa mkono na umoja wa vyama vya upinzani, UKAWA, alifikia karibu asilimia 40. Vyama vilivyosajiliwa vilikaribia 20, mpiga kura akaona viwili: kilichopo, na kile kinachoweza kukitoa. Zanzibar ndiyo kabisa, huko chama cha pili ni urithi wa nyumba. Machi 2019 kiongozi wa upinzani huko, Maalim Seif, aliposhusha tanga la CUF na kupandisha la ACT-Wazalendo, wafuasi wake walihama naye kama jahazi lilelile limebadilishiwa kitambaa.

Je, hapo Mwalimu alikuwa amesema kweli, kwamba tutaishia kwenye mpira? Sehemu. Lakini hata mpira una masharti: uwanja uwe wazi kwa wote wawili, na anayefungwa awe anaweza kuwa yeyote. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa nje ya misimu ya kampeni, kama Mwalimu alivyonyimwa jukwaa mwaka 1957. Vyama vilikuwepo kwenye daftari la Msajili, vyote na nembo zake, na Mnazi Mmoja ikawa kimya. Rais Samia aliliondoa zuio hilo Januari 3, 2023. Niliona furaha ya watu wazima siku ile mtaani kwetu, furaha ya kuruhusiwa tu kusimama mahali na kusikiliza.

Haikudumu. Aprili 2025 CHADEMA, iliyokuwa ikidai mabadiliko kabla ya uchaguzi, ilikataa kusaini kanuni za maadili ikaenguliwa. Mgombea urais wa ACT-Wazalendo naye akaondolewa. Karatasi ya kura ilikuwa ndefu, na wagombea zaidi ya 15. Oktoba 29, miaka 30 kamili tangu siku ile ya foleni ya baba mdogo, kukazuka machafuko, watu wakapoteza maisha, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Matokeo yaliyotangazwa yalimpa Rais asilimia 97 na ushee. Kariakoo niliyoikuta baadaye, maduka yamefunguliwa nusu mlango, sikuwahi kuiona.

Ukitoka Mnazi Mmoja kwenda mjini, Posta, lazima uvuke Barabara ya Bibi Titi. Bibi Titi Mohamed alitoka kwenye vikundi vya ngoma vya mji huu, akawaingiza wanawake TANU kwa maelfu, akaujaza uwanja huu wakati wanaume wengi bado wanaogopa. Mwaka 1971, chini ya chama kimoja, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini; akasamehewa mwaka uliofuata, na baadaye barabara ikapewa jina lake. Ng'ambo yake, hatua chache tu, ipo Mahakama ya Kisutu. Huko ndiko Tundu Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, alikopelekwa Aprili 2025 kusomewa shitaka la uhaini. Nilisimama kwenye kivuko, gari zikipita, kibao cha jina la Bibi Titi juu ya kichwa changu, nikingoja taa ibadilike.