Kabla hatujampa mlinzi wa shule bunduki, tumpime kwanza

Swali hili limekuwa likinifikia kliniki kutoka kwa wazazi wa Karatu na wa upande wa Ngorongoro, wengi wao wakiwa wamekuja kwa shida nyingine kabisa, kikohozi cha mtoto au presha yao wenyewe. Kikao cha wazazi kimeletewa pendekezo: tuchangishane, mzee anayelinda geti kwa rungu na tochi apumzishwe, aajiriwe mwanajeshi au polisi mstaafu mwenye bunduki. Daktari, unaonaje?

Ni haki yao kuniuliza. Risasi ikishatoka, kesi inakuja hospitali, iwe ilitoka kwa makusudi au kwa bahati mbaya.

Hofu ya wazazi ina msingi. Aprili 2015 magaidi waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya, wengi wao wanafunzi waliokuwa bado kwenye mabweni alfajiri. Juni 2023 waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari Mpondwe, wilaya ya Kasese nchini Uganda, wakaua watu 42, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi. Mzazi aliyempeleka mtoto wake bweni huko Endulen au Mang'ola akisikia habari hizo redioni, hawezi kulala. Nami ni mzazi, namwelewa.

Lakini daktari hufundishwa kuuliza kwanza ugonjwa uliopo ni upi kabla ya kuandika dawa. Je, watoto wetu wa huku wameumizwa na nini hasa?

Mei 6, 2017 basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, hapa Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Agosti 2021, katika kata ya Ngoile wilayani Ngorongoro, watoto watatu waliokuwa wametoka shule waliingia porini kutafuta mifugo iliyopotea, wakauawa na simba. Nje ya wilaya zetu, kilichoua watoto wengi shuleni kwa mara moja ni moto wa bwenini. Shauritanga kule Rombo, mwaka 1994, walikufa wasichana zaidi ya 40. Idodi mkoani Iringa, 2009, walikufa 12. Kyerwa mkoani Kagera, Septemba 2020, walikufa wanafunzi 10. Wenzetu wa Kenya walizika wavulana 67 wa Kyanguli mwaka 2001, ambako mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Septemba 2024 wakazika wengine 21 wa Endarasha, Nyeri.

Hakuna hata moja kati ya misiba hii ambayo bunduki getini ingeizuia. Kwenye moto wa usiku, mtu anayeamua nani ataishi ni yule mwenye ufunguo wa bweni, na swali ni kama yuko macho, anasikia, na anaweza kukimbia mita 100 gizani.

Kuhusu wanyama, wapo wanaosema bunduki itasaidia kwa tembo na nyati wanaotoka msituni na kuingia vijijini. Risasi za marisau, za ile bunduki wanayobeba walinzi wengi wa benki, hazimwangushi nyati. Zinamjeruhi, na nyati aliyejeruhiwa karibu na uwanja wa shule ni hatari kuliko yule aliyekuwa anapita. Hiyo kazi waachiwe askari wa wanyamapori, ambao wamefunzwa na wana silaha zake.

Sasa tuje kwenye uvamizi wenyewe. Marekani wameishi na jambo hili miaka mingi, na shule nyingi huko zimeajiri polisi na wanajeshi wastaafu. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la JAMA Network Open lilichapisha utafiti uliochambua matukio 133 ya mtu kufyatua au kujaribu kufyatua risasi kwa wingi shuleni kati ya 1980 na 2019. Karibu robo ya shule hizo zilikuwa na mlinzi mwenye silaha. Baada ya watafiti kuzingatia tofauti za shule na za silaha zilizotumika, kiwango cha vifo kwenye shule zenye mlinzi wa silaha kilikuwa karibu mara tatu ya zile zisizokuwa naye. Hilo halithibitishi kwamba mlinzi ndiye aliyesababisha vifo. Linaonyesha tu kwamba bunduki yake haikuwatisha wavamizi, na watafiti walikumbusha kuwa wengi wa wavamizi hao huja wakiwa tayari kufa. Huko Uvalde, Texas, Mei 2022, walifika askari 376 na bado zilipita dakika 77 kabla ya mvamizi kukabiliwa. Watoto 19 na walimu wawili walikufa.

Upande wa pili wa mizani wazazi hawauzungumzi sana kwenye vikao. Bunduki italala shuleni kila siku, mwaka mzima, kusubiri mvamizi ambaye pengine hatakuja kamwe. Katika siku zote hizo ipo katikati ya watoto. Mwaka 2001 madaktari wa watoto wa Marekani waliwaweka wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, katika vikundi vidogo 29, kwenye chumba kilichofichwa bastola halisi isiyo na risasi. Vikundi 21 viliigundua. Vikundi 16 viliishika. Katika vikundi 10 kulikuwa na mtoto aliyevuta kifyatulio. Wengi mno wa walioishika walikuwa wameshafundishwa hatari ya silaha. Mwalimu yeyote wa darasa la nne atakuambia wavulana wa Karatu si tofauti.

Mtoto akipigwa risasi ya paja na mshipa mkubwa ukakatika, anaweza kumaliza damu kwa dakika chache. Kutoka Karatu hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 130. Kutoka Endulen, inabidi kwanza gari lipande ukingo wa kreta, lishuke hadi lango la Loduare, ndipo lianze lami. Wakati wa masika sisemi kitu.

Hapo ndipo ninapofika kwa mlinzi mwenyewe, maana katika mjadala huu wote sijasikia mtu akiuliza hali yake. Nawaheshimu sana wastaafu wetu. Kuna waliopigana Vita vya Kagera, ambao sasa ni wazee, na kuna wadogo zao waliokwenda kulinda amani Kongo, ambako Desemba 2017 kambi yetu ya Semuliki ilishambuliwa na wenzao wakauawa. Mtu anaweza kurudi kutoka sehemu kama hizo akiwa mzima wa mwili lakini anaota ndoto za kutisha, anashtuka mlango ukibamizwa, anakwepa mikusanyiko, hasira inapanda kwa jambo dogo, na usiku anatafuta usingizi kwenye gongo. Huo ni ugonjwa, jina lake ni msongo unaofuata kiwewe, na unatibika. Lakini kumkabidhi mtu mwenye dalili hizo bunduki iliyojaa, akae nayo peke yake usiku kucha, ni kumhatarisha yeye kwanza. Mtu mwenye silaha karibu yuko katika hatari ya kujiua takriban mara tatu ya asiye nayo, kwa mujibu wa tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2014.

Kisha kuna mambo ya kawaida ya umri. Miaka mingi ya milio ya bunduki bila vizuia sauti huharibu masikio, na mlinzi asiyesikia vizuri hatasikia mtoto akipiga kelele bweni la mwisho. Mtoto wa jicho humfanya mtu aone kivuli tu getini, na ukiwa na bunduki ni jambo zito kutofautisha mwizi na kijana wa kidato cha pili aliyeruka ukuta kwenda disko. Presha ya macho nayo hula uwezo wa kuona pembeni bila maumivu yoyote.

Linaloniogopesha zaidi ni sukari. Wazee wengi wenye kisukari wanatumia glibenklamaidi. Mtu akimeza kidonge jioni halafu asile kwa sababu chakula cha shule kimeisha, saa nane usiku sukari inashuka: anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa, anamuona anayemfahamu kama adui. Mwenzake atadhani amelewa. Dawa za mafua na mzio, kama piritoni, nazo huleta usingizi mzito, na huuzwa duka lolote.

Nisipite bila kusema habari ya jiko. Karatu ni juu, Ngorongoro juu zaidi, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya usiku ni kali. Walinzi wengi huingiza jiko la mkaa kwenye kibanda na kufunga mlango. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Huanza na kichwa kuuma na kichefuchefu, halafu usingizi, halafu mtu haamki. Kabla ya kumnunulia mlinzi silaha, mnunulieni koti zito na blanketi, na jiko libaki nje. Hili halihitaji kikao.

Je, basi wastaafu wasiajiriwe? Waajiriwe, na ningefurahi kuona hivyo. Mstaafu wa jeshi anajua kupanga watu, kuamka saa aliyoahidi, kufunga jeraha linalovuja damu kwa kulikandamiza na kulifunga kwa nguvu, kuwatoa watu 80 kwenye jengo bila kukanyagana. Mpeni funguo zote za mabweni, tochi nzuri, kengele, simu yenye salio na namba za zahanati na polisi. Apewe mamlaka ya kufanya zoezi la moto kila muhula, usiku, watoto wakiwa wamelala kweli. Apewe pia haki ya kulizuia basi bovu lisitoke getini; hilo peke yake kwa barabara zetu lina thamani kubwa.

Na achunguzwe rekodi yake polisi, kama anavyopaswa kuchunguzwa mpishi na matroni. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na mara nyingi anayefanya hivyo ni mtu anayefahamika. Mtoto hushindwa kusema akimwogopa mkubwa. Akiwa mkubwa huyo ana bunduki, sitarajii aseme kabisa. Watoto wafundishwe namba 116, Simu ya Mtoto, ni bure.

Kama kikao chenu kimeshaamua silaha lazima iwepo, masharti yangu kama daktari ni machache. Mlinzi apimwe macho, masikio, presha, sukari na afya ya akili kabla ya kuanza na kila mwaka baada ya hapo, kwa gharama ya shule na si ya mshahara wake. Asilinde usiku saba mfululizo. Silaha ifungiwe kasha la chuma mchana watoto wakiwepo, risasi mahali pengine, na anayeshika ufunguo ajulikane kwa maandishi. Leseni iwe halali, nakala ionekane kwa kamati ya wazazi.

Nanyi afande wastaafu mnaosoma safu hii, mkiitwa kwa kazi hiyo, piteni kwanza kituo cha afya. Njoo na miwani yako na dawa zote unazotumia, hata za mitishamba, kwenye mfuko mmoja. Mwambie daktari waziwazi kwamba utakuwa unashika silaha usiku, maana hilo linabadilisha dawa tutakayokuandikia na saa utakayoimeza. Na kama usingizi umekukimbia tangu uliporudi, lisema hilo pia, hata kama hakuna aliyewahi kukuuliza.