Bei ya Simu Si Ile Iliyoandikwa

Wahenga walituachia usia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Laiti wangalifufuka leo na kuona jinsi bidhaa zinavyojitembeza hadi mikononi mwetu, zikipita Bahari Hindi bila kututoa kitini! Mwalimu ameketi katika chumba cha walimu, kikombe cha chai mkononi, anagusa kioo cha simu yake mara mbili tatu, na tayari amenunua simu mpya kutoka Shenzhen, nchini Uchina, kwa muuzaji asiyemjua wala kumwona.

Mimi ni mmoja wa walimu hao. Naandika makala haya si kwa kuwa nina hekima kuliko msomaji, bali kwa kuwa nilifanya kosa, na aliyelilipia ni mtu mwingine.

Mwaka 2024 dada yangu, anayeishi mashambani, aliuza mahindi yake akanitumia fedha ili nimnunulie mwanawe simu ya kisasa. Kijana huyo alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo yalikuwa mema. Kilichosalia ni kuchagua kozi ya chuo kikuu, kazi ambayo siku hizi hufanywa mtandaoni. Katika duka la mjini, simu niliyoipenda iliuzwa shilingi 19,000. Mtandaoni, muuzaji wa ng'ambo aliitangaza kwa shilingi 12,500. Nilijiona mjanja. Nikalipa.

Kumbe safari ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Gharama ya kusafirisha ilikuwa shilingi 1,600. Mzigo ulipotua nchini, nikadaiwa ushuru na ada za uwakala, jumla shilingi 6,200. Fanya hesabu, ndugu msomaji: simu ya bei nafuu ilinigharimu shilingi 20,300. Tena iliwasili baada ya majuma sita, ilhali ile ya dukani ningaliibeba mfukoni siku iyo hiyo.

Lakini fedha hazikuwa hasara kubwa. Simu ilipofika kijijini ilipiga na kupokea bila tatizo, ila intaneti ilijikokota kama kobe. Fundi aliyeikagua baadaye alinieleza sababu. Simu ile ilitengenezewa soko la Uchina. Mtandao wa 4G huku kwetu hutumia, miongoni mwa masafa mengine, megahezi 800, ambayo mafundi huyaita bendi ya 20. Mawimbi ya masafa ya chini kama hayo husafiri mbali na kupenya kuta vyema kuliko yale ya juu, ndiyo maana yanategemewa sana mashambani. Huko Uchina bendi hiyo haitumiki, kwa hivyo simu nyingi za soko hilo hazina uwezo wa kuinasa. Mjini, kwenye masafa mengine, simu ile ingalifanya kazi barabara. Kijijini kwa dada yangu ilikuwa kama redio isiyopata idhaa.

Mpwa wangu alihangaika nayo siku tatu akitaka kubadilisha kozi alizokuwa amechagua. Ukurasa ulifunguka nusu, ukaganda. Siku ya nne alipanda matatu hadi mjini, akakuta muda wa kubadilisha umekwisha. Hadi leo anasomea kozi ambayo haikuwa chaguo lake. Nilipompigia kumwomba radhi, alinijibu kwa adabu, "Si neno, Mjomba." Jibu hilo liliniuma kuliko kama angalinilaumu.

Je, nataka kusema kwamba simu za Kichina ni mbovu? La hasha! Hizo Tecno, Infinix na itel zilizojaa katika maduka yetu ni za kampuni moja, Transsion, yenye makao yake papo hapo Shenzhen. Ni simu za bei nafuu kutoka Uchina ambazo zimemwezesha mwanafunzi wa kawaida kusoma vitabu mtandaoni na mkulima kujua bei ya mazao. Anayezibeza hajui tulikotoka. Tena wapo walimu wenzangu walioagiza simu kutoka ng'ambo na wakafaidika.

Tofauti kati yao na mimi ni moja tu: wao walisoma, mimi nilitazama. Mimi, ambaye kila muhula huwaambia wanafunzi wasome swali mara mbili kabla ya kujibu, nilisoma bei peke yake. Orodha ya masafa ilikuwepo chini ya picha, kwa herufi ndogo. Ilikuwepo pia taarifa kwamba ushuru ni juu ya mnunuzi. Muuzaji hakunificha neno. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, lakini gunia lenyewe lilikuwa wazi, nami sikuchungulia.

Hata hivyo, si wauzaji wote walio waaminifu. Wapo wanaotangaza kumbukumbu kubwa ambayo simu haina. Wapo wanaochukua simu ya soko la Uchina na kuipachika programu ya kubuni ili ionekane ya kimataifa. Simu hiyo inaweza kukosa masasisho ya usalama, au kuja na programu za kijasusi. Aidha, tusisahau yaliyotokea mwishoni mwa Septemba 2012, serikali ilipoamuru simu bandia zizimwe. Zaidi ya simu milioni moja zilinyamaza, na wenye kuumia walikuwa wananchi walionunua kwa nia njema.

Kwa hivyo kabla hujalipa, jiulize maswali haya. Je, simu ni ya soko la Uchina au ya kimataifa? Je, orodha yake ya masafa inalingana na ya kampuni ya simu inayotumika mahali itakapotumiwa, si mahali unapoagizia? Je, ukijumlisha usafiri, kodi ya VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingineo, bado ni nafuu? Na je, ikiharibika utairudisha vipi? Betri za lithiamu huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari, na simu yenye betri mbovu hairuhusiwi ndani ya ndege. Simu ikishafika, bonyeza *#06# uone nambari yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, kisha uilinganishe na ile iliyo kwenye pakiti.

Kwenu walimu wenzangu, nina ombi. Mtaala wetu wa umilisi unataja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa mambo ya msingi ambayo mwanafunzi anapaswa kuyapata. Ujuzi huo si kujua kubonyeza tu. Tangazo la simu ni kifungu bora cha ufahamu. Ushuru wake ni somo la asilimia. Masafa yake ni somo la fizikia. Tukiwafundisha wanafunzi kulisoma tangazo moja hadi nukta ya mwisho, tutakuwa tumewapa ngao ya maisha, maana kesho hawatanunua simu pekee. Watatia saini mikataba ya kazi, ya mikopo na ya mashamba.

Nanyi wanafunzi, mzazi anapouza mahindi ili mpate simu, msimwachie mjomba aliye mjini achague peke yake. Mwulizeni maswali, hata kama ni mwalimu. Mpwa wangu hakuniuliza kwa sababu aliniheshimu, nami heshima hiyo sikuistahili siku ile.