Nyimbo Umezilipia, Sabufa Haizitambui

Katoni ya sabufa inayouzwa Kitale, iwe imeandikwa Sayona, Vitron au jina jingine, huwa na orodha ile ile ya sifa: Bluetooth, USB, kadi ya memori, redio ya FM na tundu la waya wa AUX. Boomplay haimo. Spotify haimo. Apple Music haimo. Ndiyo maana swali hili haliishi kuulizwa, kuanzia Kibomet hadi Bungoma mjini: mtu analipia huduma kama hizo za kutiririsha muziki kwa intaneti kila mwezi, amepakua nyimbo zake kwenye simu, anazihamishia kwenye flashi, anachomeka flashi kwenye sabufa, na sabufa inazipita kana kwamba hazipo.

Wauzaji wengi humjibu kwamba sabufa hiyo ni ya bei ya chini, haina uwezo. Jibu hilo lina ukweli mdogo, na ubaya wake ni kumfanya mteja aamini kwamba akiongeza pesa tatizo litakwisha. Sababu kubwa iko kwenye mikataba. Wimbo wa kutiririsha huchezwa tu na kifaa au programu iliyoidhinishwa kwa mkataba uliotiwa saini, na kwa sabufa ya Kitale hakuna aliyetia saini.

Tuanze na faili lenyewe. Muundo wa MP3 ulikuzwa na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani, na tangu mwaka 2017 viwanda havidaiwi tena ada ya kuutumia. Kiwanda chochote kinaweza kutengeneza chipu inayosoma MP3 bila kumwomba mtu ruhusa. Faili la MP3 nalo halimuulizi anayelicheza yeye ni nani. Ukiliweka kwenye flashi, kadi au sidii, litaimba.

Wimbo uleule ukiupata kupitia Spotify huja katika hali nyingine. Sauti imebanwa kwa muundo wa Vorbis au AAC, na miundo hiyo yenyewe si siri. Lakini baada ya kubanwa, sauti husimbwa hadi iwe mfululizo wa tarakimu usio na maana yoyote kwa asiye na ufunguo. Ufunguo haukai ndani ya faili. Seva za kampuni huupa programu iliyo kwenye simu yako baada ya kuhakikisha kwamba akaunti ni yako na imelipiwa. Kwa hiyo unapobonyeza kitufe cha kupakua, unapewa faili lililofungwa pamoja na ruhusa ya muda. Spotify humtaka mteja aunganishe simu na intaneti angalau mara moja kila siku 30. Asipofanya hivyo, nyimbo alizopakua huacha kucheza ingawa faili zake bado zimejaza simu. Ukizinakili kwenye flashi unabeba makufuli, funguo zimebaki nyuma.

Kufuli hizi zina historia. Mwaka 1999 Napster ilipowawezesha watu kupeana nyimbo bure kupitia intaneti, kampuni kubwa za muziki ziliona biashara yao ikiporomoka. Apple ilipofungua duka la iTunes mwaka 2003, kampuni hizo zilikubali kuuza nyimbo humo kwa sharti kwamba kila faili lifungwe. Miaka ikapita, zikalegeza: kufikia mwaka 2009 nyimbo zilizonunuliwa iTunes hazikuwa na kufuli tena, kwa sababu aliyenunua amenunua. Lakini huduma za kutiririsha haziuzi wimbo, zinaukodisha. Mkulima wa Trans Nzoia anaielewa tofauti hiyo bila kufundishwa. Aliyenunua ekari huamua mwenyewe atapanda nini, lakini aliyekodi kwa msimu hulima mahindi ndani ya masharti ya mwenye shamba, na msimu ukiisha anaondoka. Universal, Sony na Warner, zinazoshikilia sehemu kubwa ya muziki unaosikilizwa duniani, hazitoi nyimbo zao za kukodishwa bila kufuli.

Sasa kwa nini sabufa isipewe ufunguo wake? Hapa ndipo hoja ya uwezo inapopata nafasi yake. Ili kifaa kitiririshe chenyewe, kinahitaji kufika kwenye intaneti kwa Wi-Fi au njia nyingine, kumtambua mwenye akaunti, kuwasiliana na seva kwa njia salama, na kuutunza ufunguo mahali ambapo mdadisi hawezi kuuchota. Chipu zinazoendesha sabufa za bei nafuu ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Zimetengenezwa kusoma flashi, kupokea Bluetooth na kukamata redio, basi. Nyingi hazina hata Wi-Fi.

Lakini tuseme kiwanda kimeongeza chipu kubwa zaidi. Bado hakitaweza kuandika Spotify kwenye katoni. Kampuni ya spika lazima ikubaliwe kuwa mshirika, itumie programu rasmi ya Spotify ndani ya kifaa, kisha kila modeli ipimwe na kuidhinishwa kabla ya kuuzwa. Baada ya hapo iendelee kutuma masasisho kwa miaka, maana huduma hubadilika na kifaa kisichosasishwa huja kukatika. Kampuni kama Sonos imejenga biashara yake juu ya kazi hiyo. Mwagizaji anayeleta kontena la sabufa kutoka China na kuziuza kwa shilingi elfu chache kila moja hana idara ya masasisho. Ubao uleule wa kielektroniki unaweza kuingia katika spika za majina tofauti, na mwakani ukawa umebadilishwa. Nani atasimama mbele ya Spotify kuahidi kwamba kifaa hicho kitatunzwa?

Zaidi ya gharama kuna suala la udhibiti, na mimi naliona kuwa zito kuliko yote. Kulikuwa na wakati ambapo mlango ulikuwa wazi zaidi. Kuanzia mwaka 2009 Spotify ilitoa maktaba ya programu iliyoitwa libspotify, ambayo mtaalamu yeyote mwenye akaunti ya kulipia angeweza kuitumia kutengeneza kichezaji chake. Watu walitengeneza redio za mezani na mitambo ya nyumbani. Mwaka 2015 kampuni ikatangaza kwamba haitaiendeleza, na mwaka 2022 ikaizima kabisa. Vifaa vilivyoitegemea vikanyamaza, ingawa vipuri vyake vilikuwa vizima na wenyewe walikuwa bado wanalipa. Kwa maoni yangu, kampuni ilikuwa imeamua kwamba mteja amfikie msanii kupitia dirisha lake yenyewe, ambapo inajua anasikiliza nini, ameruka wimbo gani, na inaweza kumwonyesha inachotaka.

Hata majabali hufungiana milango. Apple ilipoanza kuuza spika yake ya HomePod mwaka 2018, huduma ya kutiririsha ambayo spika yenyewe iliweza kuicheza moja kwa moja ilikuwa Apple Music. Mwenye Spotify alilazimika kuanzisha wimbo kwenye simu na kuurusha kwenda kwenye spika. Spika ile iligharimu mamia ya dola, kwa hiyo hoja ya uwezo haikuwepo hata kidogo.

Madijei nao walionjeshwa machungu hayo. Julai 2020 Spotify iliacha kufanya kazi ndani ya programu za kuchanganya muziki, na haikurudi humo hadi mwaka 2025. Kwa miaka hiyo mitano dijei aliyekuwa amepanga nyimbo zake Spotify alirudia faili zake za zamani. Dijei wa harusi za Bungoma hakuhisi mshtuko mkubwa, kwa sababu hakuwahi kuuamini mlango huo. Muziki wake uko kwenye diski, na mchanganyiko wake unasafiri kwa flashi hadi kwenye matatu zinazopita Kiminini na Misikhu kuelekea Webuye.

Kinachobaki kwa mtu wa kawaida ni Bluetooth, na inafaa kuelewa kwa nini hiyo inafanya kazi. Simu ndiyo inayotiririsha. Simu ina programu iliyosainiwa, ina ufunguo, inafungua kufuli na kuupata wimbo ukiwa wazi. Kisha inaubana tena, mara nyingi kwa muundo unaoitwa SBC, na kuurusha hewani kwa sabufa iliyo karibu. Sabufa haijui kama kinachokuja ni Boomplay, ni YouTube au ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Yenyewe hupokea sauti tu. Njia hii ni halali kwa matumizi ya nyumbani na ni rahisi, ila ina adha zake: ubora hupungua kidogo, simu ikipigwa muziki hukatika, mwenye simu akitoka, nyumba inanyamaza, na betri na bando vyote vinaliwa kwenye kifaa kimoja. Waya wa AUX hufanya kazi ileile bila kubana sauti mara ya pili. Simu yenye tundu la waya huo ni ya kutunzwa.

Bando ndilo linaloamua mengi. Wimbo wa ubora wa wastani, kilobiti 160 kwa sekunde, hula takriban megabaiti 72 kwa saa. Kinyozi anayefungua kibanda chake saa kumi kwa siku atatumia megabaiti 720 kila siku kwa muziki peke yake. Flashi ya gigabaiti 8 hubeba nyimbo kama 1,600 za MP3 zenye megabaiti tano kila moja, na haiombi bando hata siku moja. Mtu asimlaumu kinyozi huyo kwa kuchagua flashi. Tena akaunti ya kawaida ya kutiririsha imetolewa kwa matumizi binafsi tu. Kuicheza mbele ya wateja wa kibanda, baa au matatu ni jambo jingine kisheria, na huko ndiko vyama vya kukusanya mirabaha huja kudai ada.

Wapo wanaotafuta programu za kuvunja kufuli ili wimbo wa Boomplay uwe MP3. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza kuzunguka kinga za kiufundi za aina hiyo, na programu hizo zenyewe mara nyingi hubeba virusi. Sishauri.

Linaloniuma zaidi katika mpangilio huu ni hali ya msanii wa hapa. Boomplay, iliyoanzishwa mwaka 2015 na Transsion, watengenezaji wa simu za Tecno, huja ikiwa tayari imewekwa kwenye simu nyingi zinazouzwa Kitale. Spotify iliingia Kenya mwaka 2021. Zote humlipa msanii kwa kuhesabu mara ambazo wimbo umechezwa ndani ya programu. Sasa mpigaji wa litungu, ala ya nyuzi, kutoka Bungoma, ambaye wasikilizaji wake wako kwenye matatu, kwenye vibanda vya soko na kwenye nyumba ambazo sabufa ndiyo fahari ya sebule, husikika zaidi kupitia flashi na kupitia redio kama Sulwe FM. Kila mara wimbo wake unapochezwa kwa flashi, hesabu inabaki palepale. Mfumo uliojengwa kumlinda hausikii mahali anaposikika.

Kuna kampuni moja iliyolitazama jambo hili kutoka upande wa kifaa. Mdundo, iliyoanzia Nairobi na mwaka 2020 ikaorodheshwa kwenye soko la hisa la Copenhagen, iliamua kutoa MP3 zisizofungwa, za kupakuliwa bure na kihalali. Tangazo fupi huwekwa ndani ya faili lenyewe, na msanii hupata mgao wa mapato. Faili hilo hucheza kwenye sabufa yoyote. Hesabu hufanyika wakati wa kupakua, kwa hiyo baada ya hapo wimbo ukisafiri kwa flashi hadi Lodwar haufuatiliwi. Si mfumo kamili, lakini aliyeubuni alikubali kwanza kwamba Mwafrika wa Mashariki anasikiliza kwa flashi, akaanzia hapo.

Nami naamini hatua inayofuata iko kwenye maduka ya simu na saiba yanayojaza flashi kwa malipo madogo. Kwa muda mrefu yamechukuliwa kuwa pango la wizi wa kazi za wasanii, na mengi kweli hayana leseni. Lakini katika mnyororo mzima, kuanzia seva za Ulaya hadi sabufa ya Kibomet, duka hilo ndilo pekee lililo karibu na msikilizaji na lenye mtu anayeweza kutia saini. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ilibuni stika za kuthibitisha kaseti na sidii halali. Flashi haina mahali pa kubandika stika, lakini muuzaji ana simu, ana M-Pesa, na bodi tayari ina sajili ya kazi za wasanii mtandaoni. Akipewa leseni nafuu na orodha ya nyimbo za kuuza, kila flashi anayojaza inaweza kuacha kumbukumbu ya nyimbo zilizoingia na shilingi kadhaa kwa mpigaji wa litungu aliyeziimba. Kazi hiyo haihitaji Wi-Fi ndani ya sabufa, wala ruhusa ya kampuni yoyote ya ng'ambo.