Je, Wajua? Ufunguo wa Mlango wa Mzee

Je, wajua kwamba makazi ambayo mzee hupangishiwa chumba chake mwenyewe, kisha akasaidiwa yale tu yanayomshinda, yalizaliwa kutokana na malalamiko ya mama mmoja aliyepooza? Mama huyo, Mmarekani, alipata kiharusi akiwa na miaka 55 na akaishia kuhamishwa kutoka nyumba moja ya uuguzi hadi nyingine. Alimtaka bintiye, Keren Brown Wilson, afanye kitu kwa ajili ya watu kama yeye. Hakuomba makubwa. Alitaka chumba kidogo chenye jiko na choo chake, vitu vyake vya nyumbani, na mlango anaoweza kuufunga. Alitaka aamke anapotaka, si pale zamu ya wauguzi inapoanza.

Mwaka 1983 Wilson na mumewe walifungua Park Place mjini Portland, jimbo la Oregon, yenye nyumba ndogo 112. Kila mpangaji alikuwa na ufunguo. Mhudumu alipaswa kubisha hodi na kusubiri. Mzee alipanga mwenyewe ale saa ngapi, chumba kiwe na joto kiasi gani, afuge paka au asifuge. Wengi waliona ni hatari tupu: wataanguka, watajiunguza, nani atawajibika? Serikali ya jimbo ikaamua kuwafuatilia wazee hao. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1988, afya zao hazikuwa zimezorota, huzuni ilikuwa imepungua, akili na viungo vilikuwa vikifanya kazi vizuri zaidi, na kwa wale waliolipiwa na serikali gharama ilikuwa chini kwa asilimia 20 kuliko katika nyumba za uuguzi.

Nimeanza na ufunguo huo kwa makusudi. Wengi wetu tukisikia "nyumba ya wazee" tunamwona mzee aliyetupwa na watoto wake. Wapo waliotupwa. Lakini mzee anaweza kunyang'anywa ufunguo wake hata akiwa katikati ya wanawe na wajukuu.

Wajua wataalamu hupimaje iwapo mzee bado anajiweza? Kwa mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula mwenyewe. Kipimo hiki kilichapishwa mwaka 1963 na daktari Sidney Katz na wenzake wa Cleveland, Marekani, baada ya kuwachunguza wagonjwa waliovunjika nyonga. Waligundua jambo la kugusa moyo: uwezo huo hupotea kwa mpangilio, kuoga kukitangulia na kula kukiwa cha mwisho, na mgonjwa anapopona huurejesha kwa mpangilio unaofanana na ule wa mtoto anayekua. Hivyo mzee anayeshindwa kuoga lakini anaweza kushika kijiko, mwogeshe, na kijiko mwachie. Akimwaga mchuzi, futa.

Marekani wana ngazi kadhaa za makazi ya wazee. Kuna majengo ya wazee wanaojitegemea kabisa, kuna ya wanaosaidiwa kuoga na kunywa dawa kwa wakati, kuna ya uuguzi wa saa 24, na kuna ya wenye ugonjwa wa kusahau. Baadhi ya vijiji vya wazee vina ngazi zote ndani ya ukuta mmoja, ili mtu akidhoofika ahame jengo tu, asipoteze majirani.

Nani hulipia? Bima ya afya ya wazee ya huko, Medicare, hailipii malezi ya muda mrefu. Hulipia uuguzi wa baada ya kulazwa hospitali, usiozidi siku 100. Baada ya hapo familia hutoa mfukoni mpaka akiba iishe, ndipo mpango wa serikali wa watu wa kipato cha chini, Medicaid, unapoingia. Wajapani walichagua njia nyingine: tangu mwaka 2000 wana bima maalumu ya malezi ya uzeeni, na kila mkazi huanza kuichangia anapofika miaka 40.

Wanaofanya kazi ya malezi kule Marekani ni akina nani? Ndugu zetu wengi wamo. Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi walioko Marekani wanaijua vizuri kazi ya kulea wazee, kuanzia zamu za usiku katika nyumba za uuguzi hadi nyumba za kawaida za mtaani zilizopewa leseni ya kulea wazee wachache. Sheria ya nchi nzima ya mwaka 1987 inamtaka muuguzi msaidizi apate mafunzo yasiyopungua saa 75. Ndizo zinazomtenganisha mtu aliyetoka juzi Bujumbura au Nakuru na kitanda cha mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Ni kazi ya mgongo na ya moyo, na anayeidharau hajawahi kumnyanyua mtu mzima aliyelegea.

Kugeuza, basi. Mgonjwa asiyejiweza akilala upande mmoja muda mrefu, damu haifiki mahali mfupa unapogandamiza ngozi: kisigino, nyonga, kitako, chini ya mgongo. Hapo kidonda huanza kama wekundu tu, na kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi, kwa hiyo papasa. Mahali penye joto kuliko pembeni, pagumu au panapouma ndipo pa kuhofia. Ushauri wa siku nyingi ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, na shuka lisiwe na mkunjo wala unyevu.

Wajua siku 10 za kulala kitandani zinaweza kumgharimu mzee mwenye afya karibu kilo nzima ya misuli ya miguu? Ndivyo ilivyoonekana Marekani katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Tunaposema "mwacheni apumzike" kwa mapenzi, huenda ndipo tunapomnyima kusimama tena. Daktari Marjory Warren wa Uingereza aliliona hilo mapema. Mwaka 1935, katika hospitali ya West Middlesex, alikabidhiwa mamia ya wazee waliohesabiwa kuwa wa kulala hadi kufa. Aliwapima mmoja mmoja, akawatoa kitandani, akabadilisha mazingira ya wodi, na baadhi yao wakarudi makwao. Leo anaitwa mama wa tiba ya wazee.

Mambo ya haraka, yabandike jikoni. Hisia ya kiu hupungua kadiri mtu anavyozeeka, kwa hiyo usisubiri mzee aombe maji. Anaweza kuwa na maambukizi makali bila joto la mwili kupanda. Akianza kuchanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, huo si uzee: mpeleke hospitali, maana mara nyingi ni maambukizi, upungufu wa maji au dawa zinazogombana mwilini. Mkeka usioshika sakafu na njia ya msalani isiyo na taa huangusha wazee, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu wapatao 684,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Kutosikia vizuri kusikotibiwa ni miongoni mwa mambo yanayoongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa kusahau.

Mjini Düsseldorf, Ujerumani, kuna makazi ya wazee yaliyowekewa kituo cha basi mbele yake, na hakuna basi linalosimama hapo. Wazee wenye ugonjwa wa kusahau walikuwa wakitoka wakitaka kurudi kwao, kwa wazazi waliokwishafariki au kwa watoto ambao sasa ni watu wazima, na polisi ndio waliowatafuta. Mengi walikuwa wameyasahau, ila alama ya kituo cha basi waliikumbuka. Sasa mzee hukaa pale akisubiri. Mhudumu humfuata, hukaa naye, na baada ya kitambo humwambia basi limechelewa, twende tunywe kahawa kwanza. Nimelifikiria sana jambo hili. Ni uongo, ndiyo. Lakini mbadala wake ulikuwa mlango uliofungwa kwa nje, na anayegonga mlango usiofunguliwa huumia zaidi ya anayesubiri basi akiwa na mwenzake.

Waholanzi walikwenda mbali zaidi. Huko Weesp, karibu na Amsterdam, mwaka 2009 kilifunguliwa kijiji cha Hogeweyk, ambacho wakazi wake wote wana ugonjwa huo katika hatua za juu. Kina duka, mkahawa, ukumbi wa maonyesho na bustani. Watu sita au saba huishi nyumba moja, chakula hupikwa humohumo, na walezi hawavai sare. Mlango wa kutokea nje ya kijiji ni mmoja na unalindwa. Ndani yake mtu hutembea atakako. Na mjini Deventer, nchini humohumo, wanafunzi hukaa bure katika makazi ya wazee yaitwayo Humanitas kwa sharti la kuwa jirani mwema saa 30 kwa mwezi.

Kuna pia kisa cha ndege 100. Daktari Bill Thomas alipoajiriwa katika nyumba ya uuguzi ya Chase Memorial, jimbo la New York, alishawishi waletwe mbwa wawili, paka wanne na ndege 100, pamoja na bustani na watoto wa wafanyakazi. Hiyo ilikuwa mwaka 1991. Ikilinganishwa na nyumba nyingine ya jirani, dawa alizoandikiwa kila mkazi zilishuka hadi nusu, na vifo vikawa pungufu kwa asilimia 15. Thomas aliamini kwamba mtu akiwa na kitu cha kukitunza hupata sababu ya kuamka. Bibi yako anayeng'ang'ania kuku wake watatu analijua hilo bila daktari.

Turudi nyumbani. Wajua kwamba Ufaransa na Kasarani zina undugu? Mwaka 1839 Mfaransa Jeanne Jugan alimbeba bibi kipofu aliyepooza, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Shirika la masista lililotokana na kitanda hicho ndilo linaloendesha Nyumba ya Wazee pale Kasarani, Nairobi. Jugan alitangazwa mtakatifu mwaka 2009.

Tanzania Bara serikali ina makazi ya wazee wasiojiweza: Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, Fungafunga Morogoro, Njoro Kilimanjaro, Sukamahela Singida na mengine. Baadhi yalianza kama makazi ya wenye ukoma, na hiyo ni sababu mojawapo ya jina la mahali kama hapo kubeba aibu hadi leo. Zanzibar wana Sebleni na Welezo upande wa Unguja, na Limbani Pemba. Zanzibar pia ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mkazi wake aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, ikiwa ya kwanza Afrika Mashariki kufanya hivyo kwa fedha za serikali yenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inatamka kwamba mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake na serikali.

Nchini Uganda, muuguzi aliyesomea tiba shufaa anaruhusiwa kisheria kumwandikia mgonjwa mofini ya kunywa tangu mwaka 2004. Kwa mzee mwenye saratani aliye kijijini, daktari yuko mbali. Muuguzi ndiye anayefika na kumwondolea maumivu.

Na kuna macho mekundu. Katika Kanda ya Ziwa, Tanzania, bibi wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi uliotolewa dhidi yao ulikuwa wekundu wa macho. Wekundu huo unatokana na moshi wa kuni na samadi kavu, miaka 40 na 50 ya kupulizia moto ili watoto wale. Wengine huponzwa na ugonjwa wa kusahau: bibi anatoka usiku, anapotea, anaongea peke yake, mtaa unanong'ona. Ukisikia mnong'ono huo mahali ulipo, sema wazi kwamba ni ugonjwa, na mpeleke bibi kituo cha afya.

Basi Jumapili ukienda kumwona mzee, awe Kolandoto, Kasarani, Portland au chumba cha uani kwa shangazi, usisukume mlango. Piga hodi, na usubiri akuitikie karibu.