Kinachopimwa na Kinachochorwa: Mpangilio wa Nyuzi za Msuli wa Moyo wa Wanyama katika Picha za MRI ya Msambao

Makala haya yanafafanua jinsi mpangilio wa nyuzi za msuli wa moyo wa wanyama unavyopigwa picha kwa MRI ya msambao, na yanahoji hatua moja katika mchakato huo ambayo mara nyingi hupitwa bila kuulizwa. Hatua hiyo ni ile ya kuyageuza makadirio ya mwelekeo kuwa mistari mirefu, kisha kuisoma mistari hiyo kana kwamba ndiyo nyuzi zenyewe. Suala hili si la istilahi tu. Juu ya mistari hiyo yamejengwa madai kuhusu umbile la moyo, na madai ya namna hiyo yamekwisha kutumiwa kutetea aina fulani za upasuaji wa moyo wa binadamu.

Sehemu ya tatizo imo katika neno lenyewe. Uzi una ncha mbili, nao unaweza kufuatwa kutoka ncha moja hadi nyingine. Katika msuli wa mifupa taswira hiyo inafaa, kwani seli moja huweza kuwa na urefu wa sentimita kadhaa, na nyama ya muundi ikichemshwa huchambuka nyuzi nyuzi. Seli ya msuli wa moyo ni kitu kingine. Ina urefu wa takriban mikrometa 100 na upana wa mikrometa 10 hadi 25, nayo hujigawa matawi yanayoungana na seli za jirani, hata tishu nzima ikawa kama wavu. Wavu huo una mwelekeo ulio wazi, lakini hauna uzi wenye mwanzo na mwisho. Kwa hiyo katika makala haya "nyuzi" ni jina la mwelekeo wa seli nyingi kwa pamoja, si la kitu kinachoweza kuchomolewa.

Mwelekeo huo ulijulikana kabla ya kuwapo kwa picha. Niels Stensen alitangaza mwaka 1664 kwamba moyo ni msuli, na mwaka 1669 Richard Lower alieleza jinsi nyuzi zake zinavyozunguka. James Bell Pettigrew, mwaka 1864, aliufumua ukuta wa ventrikali tabaka kwa tabaka, akaonyesha kuwa nyuzi hugeuka hatua kwa hatua kutoka nje kwenda ndani. Kipimo kinachorejelewa hadi leo ni cha Streeter na wenzake, cha mwaka 1969, kilichofanywa kwa hadubini juu ya mikato ya ventrikali ya kushoto ya mbwa. Pembe ya nyuzi, ikilinganishwa na mzingo wa moyo, ilikuwa takriban digrii +60 upande wa ndani, ikapita sifuri katikati ya ukuta, ikafika takriban digrii −60 upande wa nje. Mgeuko huo una kazi. Seli moja hufupika kwa asilimia 15 hivi tu, ilhali ventrikali yenye afya hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo. Ufupikaji mdogo namna hiyo usingetosha kama nyuzi zote zingekuwa pete za mzingo.

MRI ya msambao haizioni nyuzi hizo. Inachopima ni mwendo wa maji. Molekuli za maji hutangatanga wakati wote. Katika muda wa milisekunde 20, molekuli iliyomo ndani ya msuli husogea takriban mikrometa 7 kwenye mhimili mmoja. Utando wa seli na miundo iliyomo ndani yake huzuia mwendo huo zaidi kwa upande wa upana kuliko kwa upande wa urefu. Gradienti ya uga sumaku ikiwekwa kufuata mwelekeo fulani, ishara hufifia kwa kadiri maji yanavyosogea kwenye mwelekeo huo. Basser, Mattiello na LeBihan walionyesha mwaka 1994 jinsi ya kukusanya vipimo vya mielekeo kadhaa katika tensa moja yenye viambajengo sita, na njia yao waliijaribu kwa maji matupu na kwa msuli wa mifupa. Zinahitajika angalau picha sita za gradienti zenye mielekeo tofauti na picha moja isiyo na gradienti. Mhimili wa tensa wenye msambao mkubwa zaidi ndio unaochukuliwa kuwa mwelekeo wa nyuzi.

Neno "unaochukuliwa" lina uzito hapa, kwani usawa huo ulibidi kuthibitishwa. Mwaka 1998 Scollan na wenzake walilinganisha pembe za MRI na pembe za histolojia katika moyo uleule wa sungura, nazo zilikubaliana vizuri. Hata hivyo histolojia nayo si hakimu asiye na dosari, kwa kuwa tishu husinyaa inapokaushwa na kuzamishwa katika nta, na mkato uliopinda kidogo hubadili pembe inayosomwa.

Mipaka ya kipimo hutokana kwanza na ukubwa wa vokseli. Vokseli yenye upande wa milimita 0.2, ambayo hupatikana kwa moyo uliotolewa mwilini, ina zaidi ya seli mia moja, na inachotoa ni wastani wao. Ukuta wa milimita 10 unaogeuka digrii 120, kama mgeuko huo ungekuwa sawia, hugeuka digrii 12 kwa kila milimita. Vokseli ya milimita 2 hubeba ndani yake tofauti ya digrii 24. Mahali ventrikali ya kulia inapoungana na ya kushoto, ambapo mielekeo hukutana ghafla, wastani huo unaweza kuelekea upande ambao hauna seli hata moja. Jambo la pili ni kelele za ishara. Mihimili mitatu ya tensa hupangwa kwa ukubwa, kwa hiyo kelele hufanya hata maji matupu yaonekane kuwa na mwelekeo. Mhimili wa kwanza hauathiriki sana katika msuli. Wa pili na wa tatu hukaribiana kwa ukubwa na huweza kubadilishana nafasi, nao ndio hutumiwa kukadiria tabaka za seli ambazo LeGrice na wenzake walizieleza mwaka 1995 katika moyo wa mbwa, zenye unene wa seli nne hivi.

Baada ya vipimo huja uchoraji. Programu huanza kwenye vokseli moja, husogea hatua fupi kufuata mhimili mkuu, husoma mwelekeo mpya, kisha husogea tena, hadi ikutane na kona kali kupita kiwango kilichowekwa au msambao usio na mwelekeo wa kutosha. Matokeo huwa mistari mirefu, laini, yenye rangi. Urefu wake huamuliwa na viwango alivyochagua mtafiti, na kosa la digrii chache katika kila hatua hulimbikizana mpaka mstari ukahamia tabaka jingine. Zaidi ya hayo, uga wowote wa mielekeo inayobadilika taratibu utazaa mistari mirefu, hata kama katika tishu hakuna kitu kirefu. Wavu wa seli fupi na fungu la nyuzi ndefu vinaweza kutoa picha ileile.

Hapo ndipo lilipo suala la mkanda wa moyo. Francisco Torrent-Guasp, daktari wa Hispania, aliichambua kwa mkono mioyo iliyochemshwa, akadai kuwa ventrikali zote mbili ni mkanda mmoja uliojikunja, unaoanzia kwenye mzizi wa ateri ya mapafu na kuishia kwenye mzizi wa aota. Wapo madaktari wa upasuaji waliojitegemeza juu ya wazo hilo walipotaka kuurudishia moyo uliotanuka umbo la pia. Wanaanatomia waliompinga walisema kwamba hakuna tishu unganishi inayoutenga mkanda huo na jirani zake, na kwamba ili uonekane ni lazima matawi ya seli yakatwe. MRI ya msambao iliitwa kuwa shahidi. Michoro ya moyo wa mbwa ikatolewa kuunga mkono mkanda, na picha za moyo wa nguruwe kuupinga. Shahidi huyo hakuwa na uwezo wa kulijibu swali aliloulizwa, maana swali lilihusu mipaka kati ya mafungu ya seli, na tensa haina taarifa ya mpaka. Ina mwelekeo wa wastani peke yake.

Swali la mipaka linahitaji mbinu inayoiona tishu unganishi. Tomografia ya eksirei, tishu ikiwa imelowekwa katika myeyuko wa iodini wa Lugol, hukaribia zaidi, kwa sababu seli za msuli hufyonza iodini kuliko tishu inayozizunguka. Gharama yake ni kwamba myeyuko huo husinyaza msuli, na mianya inayoonekana kati ya tabaka huenda ikawa imepanuliwa na maandalizi yenyewe.

Kwa tasnifu inayotumia MRI ya msambao, data ya msingi ni pembe kwa kina cha ukuta, pamoja na mtawanyiko wake katika kila kina. Ukubwa wa vokseli, idadi ya mielekeo ya gradienti na viwango vya kusimamisha mistari vinapaswa kutajwa kando ya kila mchoro, si katika kiambatisho. Hali ya moyo ulipositishwa nayo itajwe, kwani uliotulizwa kwa potasiamu hubaki umelegea na uliokazwa kwa bariamu hubaki umejikunja, na pembe za hali hizo mbili hazilinganishwi moja kwa moja.