RESIDENT EVIL, MALARIA NA WATU-SIMBA WA SINGIDA: MAONI YA MCHEZAJI MMOJA

Leo naomba tuzungumzie magemu. Najua wapo watakaoguna, "mtu mzima na midoli tena!" Haya, gunieni, ila msiondoke mpaka mmalize, maana safari hii inaishia kwenye jambo ambalo bibi zetu wanalijua kuliko Wajapani.

Chanzo ni mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne, aliyekuja kututembelea hapa Mgori na kompyuta yake ya mtumba. Jioni moja nimekaa nje naota moto (mwezi wa saba huku kwetu baridi si mchezo), nikamsikia anacheka peke yake ndani. Nikaingia. Alikuwa anacheza Resident Evil 5. Umati umemzingira, mashoka juu, mapanga juu, na yeye anacheka tu.

"Mjomba, hebu sikiliza. Haya mazombi yanaongea Kiswahili!"

Kwa wale wasiolijua gemu hili, ni la kampuni ya Capcom ya Japani. La kwanza lilitoka mwaka 1996, na kwao wanaliita Biohazard. Hili la 5 lilitoka 2009. Mmarekani mmoja, Chris Redfield, anapelekwa Kijuju, mahali pa kubuni huko Afrika Magharibi, na anapewa mwenzake wa kike, Sheva Alomar, mwenyeji wa Afrika. Wakazi wa Kijuju wameingiziwa vijidudu mwilini, akili zao zimetekwa, wanaua. Wanaitwa Majini, na gemu lenyewe linakwambia kwamba hilo ni neno la Kiswahili. Mbele kuna dude linaloruka linaitwa Kipepeo, lingine Bui Kichwa, halafu popo mkubwa kama basi anaitwa Popokarimu. Popo mkarimu! Kiswahili kimefikaje Afrika Magharibi, waulizwe wenyewe.

Mpwa wangu alicheka kwa sababu woga unataka usielewe. Kwenye Resident Evil 4 (2005) wanakijiji wanakukimbiza huku wanapiga kelele za Kihispania, na sisi tulikuwa tunatetemeka, maana kwetu zile zilikuwa kelele tu. Kumbe hadithi inasema kijiji kiko Hispania na lafudhi yao ni ya Mexico, kwa hiyo huko nako kuna watu walicheka. Ukishaelewa maneno ya zombi, yeye si zombi tena, ni jirani yako amelewa.

Ila mimi sikucheka sana. Nitarudi hapo.

Magemu ninayoyasema ni ya aina tatu, na mara nyingi yanachanganyika. Kuna ya kutisha. Kuna ya kunusurika, ambayo adui yako mkubwa ni njaa, kiu, homa na kuishiwa. Halafu kuna ya kuvaa uhusika, vijana wanayaita RPG, ambamo wewe ndiwe mtu fulani, unazungumza na watu, unaamua, na uamuzi wako unabadilisha hadithi. Hapa Tanzania hayakushika kama mpira, na watu husema eti hatupendi. Si kweli. Mimi niliyajulia Singida mjini, kwenye kibanda cha gemu, enzi za PlayStation 2 na Winning Eleven. Pale unalipia mechi. Mechi ni dakika kumi, imeisha, mwingine anashika padi. Gemu la kutisha linataka saa nane au kumi, uko peke yako, gizani, kimya. Kibandani una watu kumi na tano mgongoni, kila mmoja kocha: "Pita kushoto wewe! Mpige kichwa! Ah, hujui, lete huku!" Nani ataogopa hapo?

Na kubwa kuliko yote ni memori kadi. Ile ya kibandani ilikuwa imejaa timu za mpira, hakuna nafasi ya kusevu. Resident Evil 4 nimeianza upya mara zisizo na idadi. Kile kijiji cha mwanzo nakijua kama shamba langu la alizeti, najua kila kuku analala wapi, lakini mwisho wa hadithi nimekuja kuuona nikiwa na ndevu. Umeme ukikatika ndiyo basi. Upande wa RPG tatizo lilikuwa kusoma: Kiingereza kurasa na kurasa, sisi tunabonyeza X maneno yapite haraka, halafu tunazunguka porini saa nzima hatujui tumetumwa wapi. Tulikuwa tunacheza kama posta aliyetupa barua akabaki na baiskeli.

Sasa, gemu zuri la kutisha hupimwa kwa kile linachokunyima. Ile Resident Evil ya 1996 risasi zilikuwa za kuhesabu, na hata kusevu kulikuwa na bei: mpaka ufike penye taipureta, na uwe na utepe wake wa wino, nao ni michache. Unasimama mlangoni unajiuliza, nisevu sasa au nibanie? Silent Hill ya Konami (1999) nayo ilikunyima macho. Mashine za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kuchora mji mzima mpaka mbali, watengenezaji wakaufunika kwa ukungu. Udhaifu wa mashine ndio ukawa roho ya gemu. Una redio mfukoni inayokoroma kitu kikikaribia, na hukioni. Amnesia (2010) ya Wasweden ikaenda mbali zaidi, ikakunyima silaha kabisa: kimbia au jifiche. Kwa maoni yangu Resident Evil 5 iliharibu kazi hapohapo. Risasi tele, mwenzako yuko kando, jua linawaka. Ni sinema ya vita, na stelingi si mnajua tena, hafi.

Sisi wa Mgori ukungu wa Konami hatuuhitaji. Tuna msitu wa miombo kilometa na kilometa, ule ambao miaka ya 1990 vijiji vitano vilikabidhiwa kuulinda vyenyewe, na ndani yake tembo hupita. Aliyewahi kurudi usiku kando ya msitu ule, tochi inafifia, akasikia tawi linavunjika, anajua kwamba hofu inaanzia masikioni. Unasimama. Unasikiliza. Hujui kama ni ng'ombe wa mtu au ndiyo mwisho wako.

Kwenye kunusurika nina malalamiko madogo. Far Cry 2 ya Ubisoft (2008) inakuweka kwenye nchi ya Afrika isiyo na jina, yenye vita, na stelingi anaugua malaria. Nilipoanza nilifurahi, nikasema hatimaye gemu linalonijua! Bunduki zinashika kutu na kukwama, sawa, safi sana. Lakini malaria yenyewe... macho yanafifia sekunde chache, jamaa anameza kidonge, anaendelea kurusha mabomu. Wadau, nani kati yetu amewahi kuumwa malaria akaweza hata kufunga kamba za viatu? Ila nawapa sifa kwenye jambo moja. Dawa zinakwisha, na kuzipata ni lazima uwatumikie raia waliojificha. Hapo ugonjwa unakulazimisha uhitaji watu, na hiyo ndiyo malaria ninayoijua. Gemu lililoniweka kitako kweli ni la Wapolandi, This War of Mine (2014), lililotokana na kuzingirwa kwa Sarajevo. Wewe si mwanajeshi. Ni watu wa nyumba moja, chakula hakuna. Usiku unaenda kutafuta, unakuta wazee wawili wana akiba. Uwaibie? Ukiiba, watu wako wanakula, na kesho yake mmoja wao hasemi na mtu.

Nirudi Kijuju. Filamu fupi ya kulitangaza gemu ilipotoka mwaka 2007, Mzungu mwenye bunduki akiwamiminia risasi watu weusi kijijini, kelele zilikuwa nyingi Marekani. Wengine wakajibu kwamba haya ni mazombi tu, na gemu la kabla yake tuliua Wahispania, mbona kimya? Mimi nimelicheza mpaka mwisho na jibu langu linatoka humohumo. Ukifika sehemu ya mabwawani, unaweza kuokota shajara ya kijana wa kijiji kile. Anaandika kwamba watu kutoka kwenye mitambo ya mafuta walikuja kuwachanja, wakiwaambia ni kinga. Wakachanjwa. Kisha homa, kisha ugomvi, kisha watu wakaanza kuuana. Kurasa chache tu. Nilipozisoma nikaweka padi chini. Huyu aliyeandika ni yupi kati ya wale niliowapiga risasi pale nje? Gemu halikujibu, wala halikutaka niulize. Limekupa shajara, likakurudishia bunduki. Ndiyo maana sikucheka na mpwa wangu. Ile sauti ya Kiswahili ndiyo ingekuwa njia ya kutujua, wao wakaifanya kelele.

Na hapa ndipo ninapoona hofu yao na yetu zinapoachana. Kwenye magemu yao zimwi ni zimwi, kazi yako ni kulilenga vizuri. Kwetu swali la kwanza ni: zimwi ni nani?

Wazee wa Singida wanakumbuka habari za watu-simba, mbojo. Mwaka 1946 na 1947, wakati wa Waingereza, watu waliuawa vijijini mwa Wanyaturu, miili ina alama za makucha. Simba kweli walikuwepo porini. Lakini watu wakasema si simba. Wengine walisema ni mchawi anayemtuma simba, wengine kwamba ni mtu aliyevaa ngozi ya simba, na yuko mtu aliyemkodi. Serikali ikaleta polisi, watu wakakamatwa, wakashitakiwa, wapo walionyongwa. Wasomi waliandika na kubishana baadaye ni vifo vingapi vilikuwa vya simba na vingapi vya binadamu.

Unguja nao wana Popobawa. Mwaka 1995 hofu ilianzia Pemba ikavuka Unguja, watu wakawa wanalala nje makundi kwa makundi. Siku moja umati ukamuua mtu mgonjwa wa akili kwa kumdhania ndiye. Na sihitaji kwenda mbali, vikongwe wangapi nchi hii wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe ni moshi wa kupikia?

Hofu ya namna hiyo huwezi kuilenga kwa bastola, maana aliyekufa ni yule uliyemlenga. Ndiyo maana naamini gemu letu la kutisha lingekuwa RPG. Wapolandi walichukua mazimwi ya kwao wakayatia kwenye The Witcher 3 (2015), na humo mara nyingi unagundua aliyeagiza zimwi liuawe ndiye mbaya zaidi. Wakameruni wa Kiro'o Games walitoa Aurion mwaka 2016. Na mwaka 2024 Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau, kuhusu mganga kijana anayemlilia baba yake, na unaweza kulicheza kwa sauti za Kiswahili. Pale stelingi ndiye anayeongea kama sisi, wala hukimbiwi na umati. Mwaka 2025 studio yake ikatoa gemu la kutisha hasa, Dead Take, ila limewekwa kwenye jumba la kifahari la Hollywood. Tunasubiri la kwenye tembe.

La kwangu lingekuwa hivi. Mwaka 1947, wewe ni jumbe wa kijiji. Kila baada ya siku chache mtu anakufa. Una mkuki, una taa ya chemli na mafuta ya kuhesabu. Mchana unazungumza na watu: mjane ambaye mume wake aligombea ng'ombe na kaka yake, kijana aliyerudi vitani Burma na haelezeki, bibi anayeishi peke yake karibu na pori. Usiku unafuata nyayo, na nyayo wakati mwingine zina makucha, wakati mwingine hazina. Siku ya saba anakuja bwana shauri na karatasi, anataka jina. Ukitaja, mtu ananyongwa. Huenda vifo vikakoma. Huenda simba alihama tu, na gemu halitakwambia kamwe.

Mpwa wangu akasema, "Mjomba, hilo gemu mtu anashindaje?" Nikamwambia ngoja kwanza tukusanye habari. Kesho yake tukamfuata mzee mmoja hapa jirani, ambaye wakati ule alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Alitueleza mengi, jinsi walivyokuwa wakifunga mlango jua halijazama, jinsi mama yake alivyokuwa akiwahesabu mara mbili kabla ya kulala. Mpwa wangu anaandika kwenye daftari. Alipouliza waliokamatwa walikuwa akina nani, mzee akanyamaza, akachokonoa moto.

"Majina sitaji," akasema. "Wajukuu wao tunasali nao."

Mpwa wangu akafunga daftari, tukaaga.