Fundi, Yajue Madini Kabla ya Kuwasha Grinda

Mizigo mingi ya vipuri inayofika mtaa wa Custom, mjini Juba, hupakuliwa Mombasa, hupita Kampala, kisha huingia kwa barabara ya Nimule, kilomita 192, iliyokamilishwa kwa lami mwaka 2012. Huja vipya, huja vikuukuu, huja na chakavu. Fundi wa Custom, awe msemaji wa Kiarabu cha Juba, Kiswahili au Kiganda, havichagui. Mteja akileta ringi iliyoliwa, fundi hushika grinda.

Hapo ndipo penye hatari. Si kila ringi nyepesi ni alumini. Nyingine ni magnesi.

Zilitoka wapi?

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika miaka ya 1960 waendeshaji wa mashindano duniani walianza kupenda ringi za magnesi, kama zile za Minilite, kwa sababu ya wepesi wake. Kwa ukubwa ule ule, magnesi ina uzito wa thuluthi mbili za alumini, na haifiki robo ya chuma. Tangu mwaka 2003 magari ya zamani yamerudishwa barabarani katika Safari Classic, na ringi kuukuu zimepata thamani tena.

Fundi asiyewahi kuona gari la mashindano asijidhani yuko salama. Magnesi imo pia katika injini ya Volkswagen Beetle, na katika maganda ya misumeno mingi ya injini. Tena jina hupotosha: ringi nyingi ziitwazo "mag" ni alumini tupu.

Jinsi ya kuitambua

Safisha sehemu ndogo nyuma ya ringi mpaka madini yang'ae. Dondosha tone la siki. Magnesi hutoa mapovu papo hapo, alumini hutulia. Kisha osha na ukaushe. Jaribio hili ni la senti chache, nalo laweza kuokoa maisha.

Kuitengeneza

Magnesi huliwa upesi kuliko madini mengine yatumikayo katika magari. Ikigusana na boliti ya chuma penye maji au chumvi, yenyewe ndiyo hutoa mwili wake, na unga mweupe hutokea. Kwa hiyo usiisugue kwa brashi ya waya wa chuma, wala usiipulizie mchanga au chembe zilizokwisha kusafisha chuma. Vipande vidogo vya chuma hubaki ndani na ugonjwa huanza upya chini ya rangi.

Tindikali ya betri isikaribie kabisa. Kostiki soda huondoa rangi kuukuu bila kuila magnesi, lakini alumini huichemsha na kuila. Ndiyo maana siki hutangulia. Vaa miwani na glavu, maana kostiki hupofusha.

Unga mweupe uondolewe kwa msasa na mkono, pole pole. Kisha tafuta nyufa kwa rangi ya kupenya: paka rangi nyekundu, futa, pulizia unga mweupe, na ufa utajichora wenyewe. Tazama hasa matundu ya boliti na mashina ya mikono ya ringi. Ringi yenye ufa isirudi barabarani, hata mteja akilia. Itundike ukutani iwe pambo.

Iliyo nzima ipakwe rangi ya kwanza siku ile ile. Zamani viwanda viliitumbukiza katika dawa za kromati. Leo tunajua kwamba dawa hizo huleta saratani ya mapafu. Tumia rangi ya epoksi isiyo na kromati.

Moto wa magnesi

Ringi nzima haishiki moto kwa urahisi. Vumbi na vipande vyembamba ndivyo hushika, na cheche moja ya grinda yatosha. Joto lake hukaribia digrii 3,000, na mwanga wake huumiza macho.

Maji hayauzimi moto huo. Magnesi huyavunja maji, gesi ya haidrojeni hutoka, na moto hulipuka. Hata mtungi wa kaboni dioksidi hauusaidii. Mwaka 1955 huko Le Mans, Ufaransa, gari la Mercedes-Benz lenye bodi ya magnesi lilipaa na kuvunjika mbele ya watazamaji. Watu zaidi ya 80 walikufa. Maji yaliyomwagwa juu ya mabaki yaliuchochea moto.

Kinachotakiwa ni unga maalumu wa moto wa madini, au mchanga mkavu kabisa, ufunike moto bila kuurusha vumbi. Mchanga uwe umekauka kweli na uwekwe katika pipa lenye kifuniko, kwani mvua za Juba haziombi ruhusa. Vumbi la magnesi lifagiliwe kila siku, lisichanganywe na la chuma.

Haki yetu

Mwenye karakana atasema pipa la mchanga, miwani na barakoa ni gharama. Tumjibu kwamba mkono wa fundi hauuzwi dukani. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama yapasa kuziheshimu. Sudan Kusini ni mwanachama tangu 2012. Haki hiyo haikuwekwa kwa ajili ya viwanda vikubwa peke yake. Ni ya kibanda cha mabati pia.

Basi, ndugu fundi wa Custom, kesho asubuhi kabla ya kazi uliza mambo mawili: siki iko wapi, na mchanga uko wapi? Kama havipo, msiulize mmoja mmoja. Ulizeni wote pamoja.